Upasuaji wa matundu kwa saratani ya figo, kibofu na njia ya mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la nje ya kliniki ya upasuaji, hapa Mbeya, ambako nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka. Mbele ya daktari mgonjwa huitikia "sawa, daktari" kwa kila jambo. Akishatoka, karatasi mkononi na koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya asubuhi, ndipo huniuliza: "Sista, hivi amesemaje?" Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekujua. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu.

## Ya kuanzia

1. Saratani za njia ya mkojo ni zipi?

Njia ya mkojo inaanzia kwenye figo mbili, inashuka kwa mirija miwili myembamba hadi kibofuni, kisha inatoka nje. Saratani inaweza kuota popote hapo. Ya kibofu na ya figo ndizo zinazoulizwa zaidi. Ya mirija ni adimu lakini ina tabia yake, na ndiyo inayolisumbua zaidi swali la usalama wa matundu (tazama swali la 6). Tezi dume kwa kweli ni kiungo cha uzazi, ila mkojo unapita katikati yake na daktari wake ni yule yule, kwa hiyo nimeigusa kwenye swali la 20.

Kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu ni sigara. Hili huwashangaza watu, hata wale wa Chunya wanaolima tumbaku wenyewe. Sumu ya moshi inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, halafu inakaa kibofuni pamoja na mkojo kwa saa nyingi kila siku. Kingine ni kichocho cha mkojo kilichokaa miaka bila kutibiwa. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limekiweka kichocho hicho kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa.

2. Nilikojoa damu mara moja, ikaacha yenyewe, wala hakuna maumivu. Nisubiri?

Usisubiri. Damu isiyo na maumivu, inayokuja na kupotea, ndiyo dalili ya kawaida kabisa ya saratani ya kibofu, na inaweza kuwa ya figo pia. Kuacha kwake si kupona.

Nikiwauliza waliochelewa walipitia wapi, hadithi inafanana: dozi ya UTI, dozi nyingine ya UTI, dawa za kichocho, tena UTI, na mwaka umeisha. Kila homa na kila damu siku hizi ni UTI. Dozi ya kwanza siilaumu. Dozi ya tatu bila mtu kuangalia kibofu, hiyo nailaumu. Omba kipimo cha mkojo, ultrasaundi, na ikibidi rufaa ya kupimwa kwa kamera na CT scan. Kumbuka pia kwamba kifua kikuu cha figo nacho kinatoa damu kwenye mkojo, na kwamba dawa za kifua kikuu zinaugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa bila damu yoyote. Mwambie daktari unachokunywa.

3. Upasuaji wa matundu ni nini hasa?

Badala ya kupasua tumbo au ubavu kwa mshono mrefu, daktari anatoboa matundu matatu hadi matano, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12 hivi. Tumbo linajazwa hewa ukaa ili liinuke na kuacha nafasi. Tundu moja linapitisha kamera, mengine yanapitisha vyombo virefu vyembamba, na daktari anafanya kazi huku akitazama runinga. Hewa ukaa huchaguliwa kwa sababu haiwaki moto karibu na vyombo vya umeme, na ikiingia kwenye damu mwili huitoa upesi kwa kupumua.

Kama ni figo inatolewa, haipiti kwenye tundu la milimita 12. Inawekwa kwenye mfuko ndani ya tumbo, tundu moja linaongezwa sentimita kadhaa, na mfuko unavutwa nje. Kwa hiyo usishtuke ukikuta mshono mmoja mkubwa kuliko mingine.

Jambo moja nawasisitizia sana ndugu: matundu yako kwenye ngozi. Ndani figo inakatwa ile ile, mishipa ile ile ya damu inafungwa. Jirani akiona plasta nne ndogo atasema "kumbe si kitu", naye mgonjwa atakwenda kubeba ndoo wiki ya pili.

4. Kukwangua kibofu nako ni upasuaji wa matundu?

Huo hauna hata tundu. Kamera inapita kwenye njia ya kawaida ya mkojo, na waya mdogo wenye umeme unakwangua uvimbe vipande vipande. Mara nyingi inatosha ganzi ya mgongo. Katika nchi zilizoendelea takriban robo tatu ya saratani za kibofu hugunduliwa zikiwa bado hazijaingia kwenye msuli wa kibofu, na hapo ndipo kukwangua kunapoanza kuwa tiba. Hapa kwetu wengi huja baadaye.

Kazi hii ina malengo mawili: kuondoa uvimbe na kupata kinyama cha kupima. Kinyama kikikosa kipande cha msuli, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ugonjwa umefika wapi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hurudishwa kukwanguliwa tena baada ya wiki mbili hadi sita. Ndugu hudhani mara ya kwanza daktari alikosea. Kwa uvimbe wa aina kali, kurudia ndio utaratibu.

Hatari zake ni damu kuendelea kutoka, maambukizi, na mara chache kibofu kutoboka. Tundu dogo kwa kawaida huziba lenyewe mpira wa mkojo ukiachwa siku kadhaa.

## Usalama wenyewe

5. Nijibu moja kwa moja: ni salama?

Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, mikononi mwa daktari aliyezoea, ndiyo. Kwa saratani nyingi za figo na kibofu ni salama sawa na mshono mrefu, na kwa baadhi ya mambo ni salama zaidi.

Kwa kutoa kibofu, utafiti mmoja wa Marekani, matokeo yake yakachapishwa 2018, uliwapangia wagonjwa 350 kwa kura: wengine roboti (matundu yanayofanywa kwa mashine, tazama swali la 9), wengine mshono mrefu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 72.3 kwa roboti na 71.6 kwa mshono mrefu. Ni kitu kile kile. Damu iliyopotea ilikuwa kidogo kwa roboti, na siku za wodini zilipungua. Lakini soma na hii: waliopata tatizo la aina fulani baada ya upasuaji walikuwa asilimia 67 kwa 69. Wawili kati ya watatu, kwa njia zote mbili. Mengi yalikuwa madogo, lakini kutoa kibofu ni kazi kubwa, matundu au pasipo matundu.

Utafiti wa Uingereza wa 2022, wenye wagonjwa 338, ulikuta tofauti mahali ambapo sisi wauguzi tunahangaika zaidi. Matatizo ya kidonda yalikuwa asilimia 5.6 kwa roboti na 16 kwa mshono mrefu. Damu kuganda kwenye mishipa ilikuwa 1.9 kwa 8.3. Anayesafiri mbali baada ya upasuaji aikumbuke namba hii ya mwisho akifika swali la 16.

6. Wazee wanasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Na hiyo hewa haitazisukuma seli mwilini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na silichekelei.

Kwanza, sababu ya imani yenyewe. Zamani, na bado hata leo, watu wengi walifika hospitali ugonjwa umeshatembea. Wakapasuliwa, wakafa baada ya miezi michache, na kijiji kizima kikakumbuka kisu. Kilichotembea kabla ya kisu hakuna aliyekiona.

Pili, ndani ya imani hiyo kuna chembe ya kweli ambayo madaktari wanaifahamu. Seli za saratani ya mirija ya mkojo na ya kibofu zinaweza kushika mahali zinapomwagika, ikiwemo kwenye tundu lenyewe. Ni nadra, lakini imetokea. Ndiyo maana kuna kanuni: uvimbe hautobolewi, mrija unafungwa mapema ili mkojo wenye seli usimwagike, kinachotolewa kinaingizwa kwenye mfuko usiopitisha kitu, na mrija hutolewa pamoja na kipande cha kibofu unapoingilia.

Tatu, kuna mahali ambapo matundu yametiliwa shaka kwa ushahidi. Utafiti wa 2009 wa wagonjwa 80 wenye saratani ya mrija na kikombe cha figo (sehemu ya figo inayokusanya mkojo kabla ya kuingia mrijani) ulikuta kwamba kwa uvimbe uliokwisha kupenya nje au wa aina kali, mshono mrefu ulifanya vizuri zaidi. Ni utafiti mdogo, lakini ulitosha kuwafanya madaktari wawe waangalifu. Na nje ya njia ya mkojo kuna somo kubwa zaidi. Mwaka 2018, utafiti wa wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi ulikuta ugonjwa unarudi zaidi kwa waliofanyiwa kwa matundu: baada ya miaka minne na nusu, asilimia 86 walikuwa hawana ugonjwa, dhidi ya 96.5 wa mshono mrefu. Kila mtu alikuwa ametarajia matokeo yalingane. Kwa hiyo daktari akikuambia "huu wako tufungue", msikilize (na swali la 21).

7. Hatari zake ni zipi?

Zile za upasuaji wowote: damu, maambukizi, nimonia, damu kuganda mguuni, moyo kuyumba. Juu yake kuna za matundu peke yake. Chombo cha kwanza kinaingia kabla kamera haijaona vizuri, na mara chache hugonga utumbo au mshipa wa damu. Utumbo ukiunguzwa kidogo na umeme bila kuonekana, mgonjwa anaweza kuwa na nafuu siku mbili kisha akabadilika ghafla. Hewa tumboni inasukuma kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) juu na kubana mapafu, na mwenye moyo dhaifu anaihisi. Kwa kazi za kibofu kitanda hulazwa kichwa kikiwa chini, na mgonjwa huamka uso umevimba. Hiyo hupungua siku ile ile au ya pili.

Tundu la milimita 10 na kuendelea lisiposhonwa vizuri ndani linaweza kuacha ngiri.

8. Baba alianzwa kwa matundu, akaamka na mshono mrefu. Walikosea?

Huenda hawakukosea. Damu ikitoka mahali pasipofikika, au ikikutwa figo imegandamana na utumbo, daktari mwenye busara anafungua. Fomu ya ridhaa uliyosaini ina sentensi hiyo, ingawa najua ilisomwa haraka. Ninayemwogopa ni yule anayekataa kufungua kwa sababu ameshaahidi matundu. Uliza tu sababu ilikuwa nini. Una haki ya kuambiwa na iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa.

9. Roboti ndiyo bora? Tusafiri nje tukaitafute?

Roboti haifanyi upasuaji yenyewe. Daktari anakaa pembeni, anashika vishikio, na mikono ya mashine inafuata. Inasaidia kushona mahali pafinyu, kama chini ya kibofu. Kwa kutoa figo nzima, daktari mzuri wa matundu ya kawaida hahitaji roboti. Familia ikifikiria kuuza shamba kwa ajili ya mashine, kwanza irudi kwenye namba za swali la 5, kisha iulize ya swali la 10. Miezi ya kuchangishana nauli ya India ni miezi ambayo uvimbe haulali.

10. Nimuulize nini daktari bila kuonekana namdharau?

Watu wa huku tuna adabu, tena wakati mwingine adabu yenyewe inatuumiza. Niliwahi kumsindikiza binti wa mgonjwa, amebana fomu kifuani. Alisimama mlangoni na kusema: "Shikamoo daktari. Samahani, naomba nijue, upasuaji huu kwa njia hii umeshaufanya mara ngapi?" Daktari alivua miwani, akajibu: "Wa figo, mara nyingi. Wa kibofu kwa matundu bado, na ndiyo maana nampeleka baba kwa mwenzangu." Swali moja tu, na safari nzima ikabadilika.

Uliza basi: umefanya mangapi? Ugonjwa uko hatua gani, na umejuaje? Kama ukilazimika kufungua, damu ipo? Nani ataniangalia usiku wa kwanza? Kinyama kitapimwa wapi na majibu yatachukua muda gani?

## Kujiandaa

11. Mzee ana miaka 78. Atavumilia nusu kaputi?

Umri peke yake haukatazi. Mgonjwa wa kwanza duniani kutolewa figo kwa matundu, mwezi Juni 1990 huko St. Louis, Marekani, alikuwa mama wa miaka 85, na upasuaji wake ulichukua karibu saa saba. Siku hizi ni mfupi zaidi. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu, figo na nguvu za kila siku: anapanda kilima bila kutweta? Anakwenda shambani mwenyewe? Daktari wa usingizi atamwona kabla. Mvutaji wa sigara aache sasa, hata kama ni wiki nne tu zimebaki, mapafu yatamshukuru.

12. Lazima ndugu waje kuchangia damu kama ni matundu tu?

Waje. Damu hupotea kidogo kwa njia hii, lakini mshipa mkubwa wa figo ukiteleza hakuna muda wa kumpigia simu shemeji aliyeko Tunduma. Ikibaki, kuna mama wodi ya wazazi ataihitaji usiku huo.

13. Dawa za presha, aspirini na miti shamba niendelee nazo?

Za presha nyingi huendelea, ila chache husimamishwa asubuhi ile, kwa hiyo njoo na vifuko vyote, si majina. Aspirini ndogo na dawa za kulainisha damu daktari aamue: wengine kuziacha ni hatari kuliko kuzinywa.

Kuhusu miti shamba, nawaomba msifiche. Hakuna atakayekufukuza. Baadhi ya mizizi inachelewesha damu kuganda, mingine inaumiza ini au figo, na daktari wa usingizi akijua ataahirisha kwa siku kadhaa tu. Asipojua, atakuja kujua damu ikiwa inatoka.

14. Natumia ARV. Watanikubali?

Ndiyo, na usikose dozi. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima na Iringa 11.1, kwa hiyo si jambo geni chumba chochote cha upasuaji cha ukanda huu. Mwenye virusi vilivyofubaa hupona kidonda kama wengine. Sema mapema kwa sababu nyingine: tiba ya BCG, ile inayowekwa kibofuni baada ya kukwangua, ni chanjo yenye wadudu hai waliodhoofishwa, na kinga ikiwa chini sana daktari atafikiria upya.

## Baada ya upasuaji

15. Mbona tumbo limepasuliwa na bega ndilo linalouma?

Hewa iliyobaki inachokoza kiwambo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni, kwa hiyo ubongo unasikia bega. Huisha kwa siku mbili tatu. Kutembea kunasaidia. Maumivu ya kifua yanayoambatana na pumzi kukata ni jambo jingine (swali la 18).

16. Nimefanyiwa Dar. Lini nipande basi kurudi?

Tumbo linaweza kuwa tayari kabla ya miguu. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, saa kumi na mbili au zaidi umekunja magoti, na damu ya mtu mwenye saratani aliyetoka kupasuliwa inaganda upesi. Donge likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua.

Kwa kukwanguliwa kibofu, mkojo ukishakuwa safi, siku chache zinatosha. Kwa figo, kama una ndugu Dar, kaa naye hadi ukaguzi wa kwanza wa kidonda. Kwa kibofu kilichotolewa, usizungumzie basi kabla daktari hajaruhusu. Mara nyingi utapewa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, na zinaweza kufika wiki nne. Mwombe muuguzi amfundishe binti yako kuchoma, wala usiziache kwa sababu umefika nyumbani.

Safarini, chagua kiti cha kando ya njia. Kunywa maji, hata kama unaogopa kuomba dereva asimame. Ruaha Mbuyuni, wenzako wakishuka kununua vitunguu, wewe shuka utembee. Ukiwa umekaa, pandisha na kushusha visigino kila mara. Kona za Kitonga zitakutupa huku na huku, kwa hiyo shikilia mto mdogo tumboni. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, kamwe usiuweke mapajani wala kwenye keria. Mkojo ukirudi nyuma unarudi na wadudu. Treni ya TAZARA ina faida moja: unaweza kutembea ndani yake. Kuhusu ratiba yake, tusemezane wakati mwingine.

17. Lini nishike jembe? Na ulanzi?

Kazi za mikono, wiki sita. Magunia ya lumbesa ya viazi, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, kupasua kuni: vyote vinasukuma tumbo na vinaweza kufungua mshono wa ndani. Kutembea anza siku ya kwanza.

Ulanzi, komoni, kimpumu: subiri hadi umemaliza dawa za maumivu na daktari amekuona. Pombe hukausha mwili, nawe baridi ya Makete au Njombe inakufanya usahau maji. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umekunywa kidogo.

18. Dalili zipi zinirudishe hospitali haraka, hata usiku?

Homa au kutetemeka. Tumbo linalozidi kuuma au kujaa siku baada ya siku wakati lilipaswa kupungua. Mkojo kukata, au mpira umeziba na tumbo la chini limejaa. Damu nzito yenye mabonge. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti. Kifua kubana na pumzi kukata. Nenda kituo cha karibu kwanza na karatasi ya ruhusa mkononi, usisubiri basi la asubuhi la kwenda ulikofanyiwa.

## Maswali magumu

19. Kibofu kikitolewa, nitakojoa wapi?

Kwa wengi, kipande cha utumbo mwembamba cha sentimita 15 hivi huunganishwa na mirija ya figo na kutokezwa upande wa kulia wa tumbo, mkojo ukaingia kwenye mfuko unaobandikwa. Wengine hutengenezewa kibofu kipya kwa utumbo mrefu zaidi, wakakojoa kwa njia ya kawaida. Kibofu hicho hakina hisia ya kujaa. Lazima uamke usiku kwa saa ya simu, na baadhi hujifunza kujiwekea mpira. Uliza mifuko inapatikana wapi na kwa gharama gani kabla ya kuchagua, si baada.

Mzee mmoja wa Makete alikataa kwa miezi kwa kuogopa kunuka kanisani. Baada ya upasuaji alikuja kliniki amevaa koti lake refu la sufu, akaketi kati ya watu wanne, kisha akaninong'oneza: "Nimekaa hapa saa nzima. Umesikia chochote?" Mfuko ulikuwa umejaa nusu chini ya koti. Sikuwa nimesikia kitu.

20. Nguvu za kiume zitaisha?

Kwa figo, hapana. Kwa mwanaume anayetolewa kibofu, tezi dume huondoka pamoja nacho, na neva za uume ziko hapo hapo kando ya tezi. Zinaweza kuokolewa ikiwa ugonjwa hauko karibu nazo, lakini usiahidiwe. Kwa saratani ya tezi dume, utafiti wa Brisbane, Australia, uliolinganisha roboti na mshono mrefu kwa wanaume 326, haukukuta tofauti ya nguvu wala ya kuzuia mkojo, si wiki ya 12 wala mwaka wa pili. Mkumbusheni daktari swali hili, maana wake ndio huniuliza na waume hutazama dirishani.

Kwa wanawake, kizazi kinaweza kutolewa pamoja na kibofu. Anayetaka kuzaa aseme kabla.

21. Tumeambiwa mshono mrefu. Ni kwa sababu hatuna hela?

Uliza, lakini kuna sababu nzuri nyingi: uvimbe mkubwa, saratani iliyotambaa ndani ya mshipa mkubwa wa damu, tumbo lililopasuliwa mara nyingi, mapafu yasiyovumilia hewa inayojazwa tumboni, au ile tahadhari ya swali la 6. Mshono mrefu wa daktari anayeujua unashinda matundu ya anayejifunza. Na kwa baadhi ya saratani za kibofu ipo njia ya kubakisha kibofu: kukikwangua vizuri, kisha mionzi pamoja na dawa za saratani, kama zinavyotolewa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar. Si kila mgonjwa anafaa, lakini inafaa kuulizwa.

22. Nina figo moja tu, na ndiyo yenye uvimbe.

Uvimbe ukiwa mdogo, hasa chini ya sentimita 4, hukatwa wenyewe na figo ikabaki, kwa matundu au kwa kufungua. Ugumu ni kwamba damu ya figo husimamishwa kwa dakika chache ili daktari aone, na kila dakika inahesabika. Hapa uzoefu una maana kuliko popote. Baadaye epuka diklofenaki na ibuprofeni za dukani, pima presha, na kipimo cha kreatinini (cha damu, kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) kirudiwe.

23. Nimeambiwa nimepona. Mbona naitwa tena kila miezi mitatu?

Saratani ya kibofu iliyokwanguliwa ina tabia ya kurudi. Kamera ya kwanza hufanyika miezi mitatu baadaye, na matokeo yake ndiyo yanapanga zinazofuata: kwa uvimbe wa aina kali ni kila miezi mitatu kwa miaka miwili hivi, kisha nafasi zinaongezeka. Kwa figo ni CT scan au ultrasaundi, kwa nafasi kubwa zaidi.

Wanaopotea hupotea msimu wa kilimo. Ukipewa tarehe ya Desemba na unajua utakuwa shambani, mwambie anayeandika, atakupa Novemba. Na namba ya simu kwenye kadi iwe yako au ya mtu mnayelala nyumba moja. Majibu ya kinyama huchelewa, na nimeshapiga namba nyingi zinazopokelewa na mtu asiyemjua mgonjwa.